Mninga Ukiwa Hai

Mtaani walimwita Randa, na hata wale wachache waliolijua jina alilopewa na wazazi wake walikuwa wamekwisha kulisahau. Alikuwa seremala, mrefu, mwembamba, bega la kulia limeshuka kidogo kwa kusukuma randa tangu ujanani. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya fundi wa kuchomelea vyuma na duka la magodoro. Watu walitania kwamba anayetaka kuoa hana haja ya kuzunguka mji: kitanda kwa Randa, godoro mlango wa pili, na mlango wa chuma wa kumzuilia mwizi upande wa tatu. Kilichobaki ni mke tu.

Randa alikuwa mtu wa mninga. Mbao nyingine alizipokea shingo upande, kwa sababu mteja kataka, au kwa sababu lori halijaja. Mninga aliushika kama mtu anayeshika mkono wa rafiki. Alijua unavyokubali patasi bila kuchanika. Alijua wekundu wake unavyokolea ukipata vanishi, na maranda yake yanavyojikunja na kuanguka miguuni yakinukia. Ukimfumba macho ukampa kipande, angekueleza kama kilikaushwa kivulini taratibu au kilikaushwa juani na mtu mwenye haraka. Jambo moja tu hakulijua, nalo halikuwahi kumkosesha usingizi: hakuwahi kuuona mninga umesimama. Kwake ulifika umelala, umekwisha kupasuliwa, juu ya lori la dereva mmoja mnene ambaye kila mtu alimwita Bonge.

Mkewe ndiye aliyetoka huko unakoota. Kwao kulikuwa mbali, safari ya kutwa nzima, nyumba chache pembeni mwa msitu wa miombo, kwenye ardhi ya kichanga na vilima vya mawe. Walikutana mjini akiwa mpishi wa shule, wakaoana, wakapata mtoto mmoja wa kike. Shule ilipofungwa jiko lake, mama yule akahamia karakanani. Alipiga msasa, akapaka vanishi, akafagia. Kazi ya msasa Randa hakuipenda, ila mkewe aliifanya akiimba kwa sauti ya puani, vumbi jekundu likimtanda kwenye nyusi mpaka fundi wa kuchomelea akawa anamwamkia, "Shikamoo bibi kizee," naye anamrushia kipande cha mbao.

Kila mwaka, ukame ulipokuwa umefika ukingoni na mvua haijaonekana, mama yule alibadilika. Aliacha msasa katikati akatazama nje.

"Fundi," alikuwa akimwambia, maana naye alimwita fundi kama watu wote, "huko kwetu sasa hivi mininga imechanua."

"Eeh."

"Hujui ninachokisema. Mti hauna hata jani. Mkavu, mweusi, magome yamepasuka kama mgongo wa mamba. Halafu unaamka asubuhi unakuta wote umekuwa wa njano. Nyuki wanavuma mpaka unadhani kuna mashine. Na haidumu. Ukizubaa, unakuta maua yote yako chini."

"Mwakani tutakwenda."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana kulikuwa na vitanda vya hoteli. Mwaka huu kuna viti vya kanisa. Mwakani nitafunga, wallahi, tutakwenda."

Hakuwa akidanganya. Kila aliposema alikusudia. Lakini kazi haikuisha, na msimu wa maua ndio uliokuwa msimu wa watu kutengeneza nyumba kabla ya mvua. Mkewe alikwenda peke yake mara chache, kwa misiba, na misiba haikungoja maua.

Kulikuwa na mti mmoja aliouita wake. Ulikuwa kwenye mteremko wa mawe nyuma ya nyumba ya mama yake. Akiwa mtoto alikuwa akitumwa kuchunga mbuzi, anapanda, anakaa kwenye tawi la kwanza, na mara moja alianguka akavunjika jino la mbele. Pengo lile Randa alilipenda. Alipocheka ndilo lililoonekana kwanza.

Kikohozi cha mkewe kilianza kama vinavyoanza vikohozi vyote. Alikunywa maji ya moto, akanunua dawa ya chupa dukani, kikatulia, kikarudi. Halafu akaanza kupumzika njiani akirudi kutoka sokoni, mkono umeshika ukuta wa watu, akijifanya anatazama bidhaa. Binti yao, ambaye alikuwa msusi na alikuwa na saluni yake mtaa wa nyuma, alimkuta siku moja hivyo, akamsindikiza hospitali bila kumuuliza baba yake.

Daktari aliwauliza mama anafanya kazi gani. Walipomwambia, akaweka kalamu chini.

"Vumbi la mbao," alisema. "Siwezi kuapa kwamba ndilo peke yake. Lakini baadhi ya mbao ngumu zina vumbi baya kwa mapafu, na yeye amelivuta miaka mingi. Asirudi pale tena."

Randa, aliyewafuata baada ya kupata habari, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alijitazama viatu, vimejaa unga mwekundu, akarudi nyuma hatua moja hadi kwenye korido, kama mtu aliyeingia na tope kwenye nyumba ya watu.

Mama yule hakurudi karakanani. Alikaa chumbani, dirisha limefunguliwa, mito imepangwa nyuma ya mgongo wake kwa sababu kulala chali kulimziba pumzi. Randa alikuwa akioga nje na kubadilisha nguo zote kabla ya kuingia kumwona. Mkewe alimcheka.

"Unanijia kama mchumba. Zamani ulikuwa unanijia na maranda kwenye nywele."

"Nyamaza, usichoke."

"Nikinyamaza nitapata nini?" Akavuta pumzi. "Fundi, mimi nipelekeni kwetu. Mnanielewa? Msinizike hapa."

"Nani anazika watu leo?"

"Nimesema tu. Niitikie."

Alimwitikia. Mvua ilikuwa bado haijanyesha alipoaga dunia, asubuhi, binti akimshika mkono na Randa akiwa uani anachemsha maji. Aliporudi na sufuria akamkuta binti amekaa kimya kabisa. Aliiweka sufuria chini polepole, asimwage, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa na maana.

Jeneza alilitengeneza fundi mwingine. Watu walitarajia Randa alitengeneze mwenyewe, na baadhi walinong'ona. Yeye alisema mikono imekataa, na haikuwa zaidi ya hapo.

Walisafiri kwa gari la kukodi, jeneza nyuma, Randa na binti mbele na dereva. Mchana mashamba yakaisha, ukaanza msitu wa miombo, na miombo ilikuwa ndiyo inatoa majani machanga, mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Kisha, katikati ya wekundu ule, Randa akaanza kuona miti mingine imesimama peke yake, hapa mmoja, pale mmoja, myeusi ya shina, haina majani, na vichwa vyake vyote ni vya njano. Gari lilipopunguza mwendo kwenye kona harufu ikaingia dirishani, tamu, kama asali iliyopata joto.

Walipofika, shemeji yake alikuwa amesimama njiani anawasubiri. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mpasua mbao, na alipewa jina la Kimya kwa kejeli, maana hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza. Siku hiyo alikuwa amenyamaza. Walikumbatiana, wakalia. Baadaye, jeneza lilipokwisha kuingizwa ndani na wanawake kulizunguka, Randa alijifuta uso, akanyoosha mkono kuelekea mteremko.

"Shemeji, ile ni miti gani?"

Kimya alimtazama kama anayesikia vibaya. "Ipi?"

"Ile ya njano."

"Shemeji," Kimya alisema taratibu, "unaniuliza mimi? Wewe ambaye umekula mninga, umelala juu ya mninga, umesomesha mtoto kwa mninga?"

Randa alikaa chini palepale, kwenye mchanga, akiwa amevaa suruali yake ya heshima. Waombolezaji waliokuwa wakipita walidhani ni uchungu wa msiba umemzidi, wakamletea maji. Na kweli ulikuwa ni msiba, ila hakuwa na namna ya kuwaeleza sehemu yake hiyo. Alikuwa amesema mwakani. Sasa mwakani ndio huu, naye amekuja, na aliyemwita yuko ndani ya sanduku.

Walimzika siku iliyofuata karibu na baba yake. Mama mkwe, kikongwe mdogo mwenye miguu iliyovimba, hakulia mbele za watu. Usiku alimwambia binti wa Randa, "Mjukuu wangu, mimi nilidhani yeye ndiye atakayenizika," akageukia ukutani.

Watu walipotawanyika Randa alimwomba Kimya ampeleke kwenye mteremko. Walipita kwenye njia ya mbuzi. Kimya alikuwa amerudia usemaji wake, anamwonyesha kila kitu kama mwenyeji anavyomtembeza mgeni: huu ni mninga mchanga, na huu mzee, tazama matunda haya ya mwaka jana, duara kama sahani ndogo, ukingo mwembamba kama karatasi, katikati manyoya makavu yanayochoma. Upepo ndio unaoyabeba. Moto wa kiangazi unapita chini, magome yanaungua juujuu tu, mti haushtuki. Tembo wakipita wanauvunja matawi, unachipua. "Unavumilia vyote," Kimya alisema, "isipokuwa sisi."

Alikuwa anacheka aliposema. Kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Maana visiki vilikuwa vingi. Kwa mbali, kutoka barabarani, maua yalikuwa yamemdanganya Randa akadhani msitu umejaa. Ndani, kila palipokuwa na mninga mmoja uliosimama, palikuwa na visiki vilivyouzunguka, vingine vya zamani vimeliwa na mchwa, vingine vipya. Kwenye kimoja kipya utomvu ulikuwa umetiririka kando na kuganda. Randa aliugusa. Ulikuwa mwekundu hasa, kama wa mnyama. Kwa miaka yote ile alijua mninga ni mbao nyekundu, ila hakujua kwamba ukikatwa hutoka damu.

"Ule wa dada yako uko wapi?" aliuliza. "Ule aliovunjikia jino."

Kimya alikohoa, akarekebisha kofia.

"Si nakuuliza?"

"Tulikwisha kuukata, shemeji. Zamani. Ulikuwa umenyooka mno." Akaonyesha kwa kidevu, na pale palikuwa na kisiki cha kijivu, kipana kama meza ya watu wanne. "Bonge aliupakia mwenyewe. Ulikuja kwako. Yote ya mteremko huu ilikuwa ikija kwako."

"Dada yako alijua?"

"Alikuja kwenye msiba wa baba, akapanda huku, akaona. Akakaa hapo juu ya kisiki. Hakunigombeza. Alisema, 'Angalau hajaupata mtu baki.'"

Randa alijaribu kukumbuka. Aliutengeneza nini? Huenda ulikuwa vitanda vya hoteli. Huenda ulikuwa kabati la mtu, au mlango, au meza aliyoikataa mteja ikanyeshewa uani. Na kwa hakika mkewe ndiye aliyeupiga msasa, kwa sababu kila kitu alikipiga msasa yeye. Aliporudi kutoka kwenye msiba ule hakumwambia Randa neno. Alifika nyumbani jioni, akapika.

Aliporudi mjini alifungua karakana kama kawaida, kwani angefanya nini? Lakini hakuwa yuleyule. Alifunga kitambaa puani na mdomoni, akamnunulia fundi wa kuchomelea kitambaa kama hicho ingawa hakuombwa. Alimpigia Bonge simu akamwambia asilete tena mbao nyekundu. Wateja wake wa siku zote walikuja wakataka vitanda vya mninga, akawaambia anatengeneza vya mbao laini za shambani, wakaguna, wakaenda kwa wengine. Alikuwa na siku nzima za kukaa juu ya benchi na kusikiliza cheche za jirani.

Kutoka kwenye mteremko alikuwa amerudi na mfuko wa matunda yale. Alivunja moja moja, akijichoma vidole na kulaani, akatoa mbegu, akazipanda kwenye makopo ya vanishi nyuma ya karakana, kwenye mchanga aliouokota mahali pa ujenzi. Nyingi zilioza. Chache zilitoa majani. Randa alizikinga jua kwa gunia na akawa anazitembelea asubuhi kabla ya kufungua mlango, mpaka fundi wa kuchomelea akamuuliza kama anafuga kuku.

Kiangazi kilipofika zikakauka zote. Majani yakaanguka, vishina vikawa vijiti. Alimpigia Kimya simu, kama anayetoa habari ya mgonjwa.

"Zimekufa, shemeji. Zote."

"Nani kakwambia zimekufa? Mninga mtoto ndivyo ulivyo. Kila kiangazi unakufa juu, mvua ikija unaanza upya. Unafanya hivyo miaka na miaka. Ule mzizi ndio unakua huko chini. Siku mzizi ukitosheka, ndipo mti unapanda. Wewe tulia tu."

"Miaka mingapi?"

"Aa, sasa hapo! Waulize wenyewe."

Alitulia. Alifurahi hata, kwa mara ya kwanza tangu msibani. Lakini hakumweleza binti yake, kwa sababu hakuwa na desturi ya kueleza mambo. Binti, aliyekuwa akimhurumia baba yake kuishi katikati ya maranda na makopo, alikuja siku ambayo Randa alikwenda kumfungia mteja dari, akafagia karakana nzima, akapanga vifaa, akafua mapazia, na makopo yenye vijiti vikavu akayamwaga jaani. Takataka zilikuwa zimekwisha kuchomwa Randa aliporudi.

Alichokoa majivu kwa kijiti. Alikuta mizizi michache, minene kama kidole cha mkono, imeungua nje. Aliuvunja mmoja kwa kucha. Ndani ulikuwa mbichi, wenye maji.

"Baba, ni nini?" binti aliuliza nyuma yake. "Vilikuwa vya maana?"

Alimtazama. Alikuwa na nyusi za mama yake, na siku ile zilikuwa zimejaa vumbi la kufagia.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri. Palikuwa pachafu."

Mwaka huohuo Kimya alifunga virago akaenda mbali kutafuta kazi ya migodi, kwani miti ya kupasua ilikuwa imebaki ya kuhesabika, na mama mkwe akabaki peke yake na miguu yake iliyovimba. Randa aliisikia habari hiyo kwa simu. Akakata shauri kwa haraka ambayo ilimshangaza hata yeye. Karakana alimwachia fundi wa kuchomelea aweke vyuma vyake. Binti alilia, akasema, "Baba, unakwenda kuishi na mkweo? Watu watasema nini?" Akamjibu, "Waseme. Wamesema mengi mimi nikiwa hapahapa."

Huko alipewa chumba alicholala mkewe utotoni. Mama mkwe alimwita mwanangu, akamtuma kama mtoto: leta kuni, funga mbuzi, nipake dawa miguu. Akatengeneza vigoda na vitanda vya watu wa pale kwa mbao za hovyo. Msimu wa maua ulipokuja alipanda mteremko kila asubuhi, akakaa chini ya mninga mmoja karibu na mawe, maua yakimdondokea kofiani, nyuki wakivuma juu. Alikuwa akifikiri kwamba atamwona mkewe hapo kwa namna fulani, au atamsikia. Hakumwona. Aliona kwamba ni pazuri, basi, na kwamba zamani angaliweza kupaona pamoja naye.

Halafu lori likaja. Bonge alikuwa amezeeka, ameota mvi, ila tumbo lilikuwa lilelile. Alikuwa na watu watatu na misumeno ya mashine, na karatasi yenye mhuri ya kumruhusu kukata. Randa alisimama mbele ya njia ya mteremko.

"Bonge, mwanangu, hii iache. Iliyobaki hii iache."

Bonge alishuka garini, akamkodolea macho, kisha akacheka kwa furaha ya kweli. "Fundi Randa! Uko hai? Jamani, mnamjua huyu? Huyu ndiye aliyenifanya niijue njia ya huku. Kila siku simu: 'Bonge, niletee nyekundu. Bonge, nyekundu imekwisha.' Na leo unaniambia niache!" Hakuwa akimkejeli. Alikuwa anamkumbusha tu, kama rafiki wa zamani, na alitarajia wacheke pamoja.

Randa alifungua mdomo. Alitafuta neno la kusema, lililo la haki, ambalo lingeweza kutoka mdomoni mwake yeye. Hakulipata. Akasogea kando. Bonge akampiga begani akipita, lile bega lililoshuka, akasema, "Nitakuachia kipande kizuri, fundi wangu, cha kutengenezea kigoda."

Misumeno ilinguruma siku mbili. Mama mkwe alijifunika shuka kichwani akiwa sebuleni. Lori lilipoondoka, Randa alipanda kutazama. Walikuwa wamechukua yote iliyonyooka. Ilibaki iliyopinda, yenye mashimo, na mmoja uliopasuliwa na radi, ambayo hakuna fundi angeitaka. Yeye mwenyewe angeikataa. Kile kipande cha kigoda kilikuwa kimewekwa kando ya njia, kimefutwa vumbi vizuri. Alikipita.

Nyumbani alimkuta mama mkwe ameketi, anachambua maharagwe kwenye ungo, vidole vikitafuta mawe kwa kupapasa, maana macho nayo yalikuwa yameanza kumwacha.

"Wameacha chochote?" aliuliza.

"Wameacha mibovu, mama."

Kikongwe alitikisa kichwa, akasogeza ungo kidogo ili Randa naye apate pa kufikia. Randa akakaa chini, wakachambua pamoja mpaka yakaisha.